Sista Aliyemnyima Mama Sindano

Huku kwetu Mbeya mtu hatangazi safari. Mnaweza kuishi ukuta kwa ukuta na jirani, mkaazimana mwamvuli na kupeana mboga, halafu siku moja unamwona anashuka kwenye bajaji na masanduku matatu makubwa, ndipo unajua kwamba wiki zote hizo hakuwepo. Ukimuuliza alikuwa wapi atakwambia, "Nilitoka kidogo." Tumelelewa hivyo. Safari ikisemwa mapema inaingia mkosi: viza inakataliwa, gari linazima mlima Kitonga, mtoto anapandisha homa siku ya kuondoka. Kwa hiyo tunafunga mdomo kabla ya kufunga begi.

Sasa fikiria, katika mji wa namna hiyo, mwanamke aliyeajiriwa kuwauliza watu wanakwenda nchi gani.

Tulimwita Sista wa Manjano. Alikuwa muuguzi wa chumba cha chanjo za wasafiri, chumba chembamba mwisho wa korido ya hospitali, chenye friji yenye kufuli, kalenda ya kwaya ya Kilutheri na benchi moja nje ya mlango. Ukitaka kuvuka kwenda kunakodaiwa chanjo ya homa ya manjano, lazima upite kwake. Mimi nauza mchele wa Madibira, na mchele huo umenifikisha Lubumbashi, halafu nikajifunza kufuata vipuri vya pikipiki China, kwa hiyo alinijua vizuri. Chanjo yenyewe unachomwa mara moja basi, lakini alitaka kila safari upite akuangalie, akupe maneno ya malaria, ya kipindupindu na ya miguu kuvimba kwenye ndege. "Usikae kwenye kiti kama gunia," alikuwa ananiambia. "Inuka, tembea, hata kama hao wahudumu wanakununia."

Lakini simkumbuki kwa ajili ya mkono wangu. Namkumbuka kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa na safari moja tu aliyoitaka katika maisha yake, Hija, na mtu aliyesimama kati yake na ile ndege alikuwa huyu Sista. Mama alimchukia kwa moyo wake wote. Nitafika huko. Kwanza nataka umwone mtu mwenyewe, maana ukimjua kupitia kwa mama yangu peke yake utamwonea.

Alikuwa mnene kiasi, mfupi, mwenye mikono midogo sana na sauti kubwa sana. Mhehe wa Iringa. Yeyote aliyeingia, yeye alimsalimia "Kamwene" hata kama ni Mnyakyusa, hata kama ni Mhindi, na hakuanza kazi mpaka aitikiwe. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa lake, na kwa kuwa sauti ya kwanza haikuwepo pale chumbani, ulisikia wimbo ambao daima unakosa kitu. Wazee wetu wa msikitini waliokaa kwenye lile benchi nimewaona kwa macho yangu wakitikisa mguu kufuata nyimbo zake, halafu wakikumbuka walipo na kuutuliza.

Ufundi wake ulikuwa kujua nchi bila kuambiwa. Siku moja nilikuwa nimekaa pale nikisubiri, mlango uko wazi, akaingia mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya, vumbi bado liko kwenye nyusi.

"Unaenda wapi, baba?"

"Dodoma tu, Sista."

"Dodoma siku hizi wanadai kadi ya manjano?"

Jamaa akajifuta nyusi.

"Haya. Huko Dodoma yako kuna mbu?"

"Wapo."

"Watu wanaongea Kifaransa?"

Akaangalia mlango, akaniona, akainamisha kichwa. "Kidogo."

"Utakaa mjini ama porini?"

"Porini. Kule... kule Dodoma ndani ndani."

Sista hakucheka. Alimpa ushauri wote wa Kongo, kuanzia maji ya kuchemsha mpaka chandarua, na kila sehemu akasema Dodoma. Ukifika Dodoma usioge mtoni. Dodoma ina malaria kali, anza dawa za kinga kabla hujaondoka. Ukishikwa na homa ukiwa Dodoma, au hata ukisharudi nyumbani, usinunue vidonge vya kukisia dukani, nenda kapime na umwambie daktari ulikuwa Dodoma gani. Yule bwana alishukuru kwa mikono miwili. Alipotoka, Sista akanigeukia, akasema, "Mimi nina sindano, kijicho sina. Naomba nchi tu, sijaomba jina la mchumba."

Shida nyingine, mbali na usiri wetu, ilikuwa chupa. Chupa moja ya chanjo inatosha watu kadhaa, na ikishafunguliwa inatumika siku hiyohiyo, inayobaki inamwagwa. Yeye hakuwa mtu wa kumwaga kitu. Kwa hiyo aliwakusanya wasafiri wote siku ya Alhamisi. Ndiyo kusema watu waliokuwa wakificha safari zao mji mzima walikutana wote kwenye benchi moja, Alhamisi saa nne, wakitazamana. Nimewaona wafanyabiashara wawili wa Mwanjelwa, mahasimu wa vitenge, wamekaa pale mabega yanagusana, mmoja anasema amekuja kumwona mgonjwa, mwingine anasema naye amekuja kumwona mgonjwa. Sista akatoa kichwa: "Wagonjwa wangu wawili wa vitenge, ingieni." Na ukishachomwa alikukalisha nusu saa nje akuangalie usije ukaanguka, kwa hiyo uongo wako ulikuwa na muda wa kutosha wa kukuaibisha.

Tulikuwa na kosa letu sisi la Mbeya ambalo lilimkosesha usingizi. Kadi inaanza kukubalika siku kumi baada ya sindano. Sasa mtu anayeficha safari hataki kuonekana Alhamisi saa nne, wala hataki mkono umuume mbele ya shemeji zake, kwa hiyo anakuja jioni yake watu wameshaondoka, kesho basi linaondoka, kesho kutwa yuko mpakani Tunduma. Walikuja wa namna hiyo kila mwezi. Walibembeleza, walilia, mmoja alikuja na jogoo mzima amefungwa miguu. Walitaka awaandikie tarehe ya nyuma kidogo tu. Aliwachoma, akaandika tarehe ya siku ile, akawarudisha wakakate tiketi upya. Yule jogoo alimrudisha pia, ingawa alikiri kwangu kwamba alimwangalia mara mbili.

Usidhani alikuwa malaika. Alituhubiria maji ya kuchemsha mpaka tukachoka, na mimi nimemkuta stendi anatafuna muhindi wa kuchoma uliopakwa ndimu na chumvi kwa vidole vya muuzaji, vidole vilivyokuwa vimetoka kuhesabu noti. Nilipomkazia macho akasema, "Huu umepita kwenye moto," akaendelea. Alitusema sana kwa usiri wetu, lakini yeye alipokwenda likizo aliondoka hivyohivyo, chumba kimefungwa, na mlinzi anakwambia, "Sista katoka kidogo." Alikuwa na hasira za haraka. Alikuwa na upendeleo pia, na upendeleo wake ulikuwa kwa mahujaji.

Hija ndiyo safari pekee ambayo sisi Waislamu wa mjini hapa tunaitangaza, na tunaitangaza kwelikweli. Mtu anazunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Anaalikwa, anachinjiwa, anapewa majina ya watu wa kuwaombea. Sista aliwapenda kwa sababu walipoingia walisema wenyewe, kwa sauti, "Nakwenda Makka." Alikuwa amekwenda kwa sheikh kuuliza kama sindano inaharibu funga, akarudi na jibu, na tangu hapo mtu akimletea wasiwasi huo alimjibu kama mtu wa madrasa. Lakini alijifunza jambo moja kuhusu mahujaji. "Wafanyabiashara wananificha nchi," aliniambia. "Mahujaji wako wananificha magonjwa. Wanaogopa nitawazuia. Mtu anaingia hapa anahema, ananiambia yeye mzima."

Mama yangu aliingia hapo akiwa ameshaagwa na mji mzima.

Mama ni mjane, babu yake alipanda huku kutoka pwani na biashara ya nguo, naye amekaa kwenye duka la kanga Sokomatola tangu nikiwa tumboni. Alikuwa ameisubiri Hija kwa miaka mingi, akiweka kidogokidogo. Mwaka huo mambo yakakaa sawa. Akazunguka kuomba radhi kabla hata hajachanjwa, maana kwake sindano ilikuwa jambo dogo la mwisho, kama kununua kandambili. Nilimpeleka Alhamisi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Sista. Nakwenda Makka, inshallah."

"Hongera sana. Una sukari? Presha? Mayai yanakudhuru?"

"Sina, sina, hayanidhuru."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Asali na habasoda."

"Na magoti?"

"Magoti yangu mazima."

Sista alikuwa ameshashika bomba la sindano. Akaliweka chini. Alikuwa amemwona mama akikaa, jinsi alivyoshikilia meza, na uso wake uliovimba mviringo ambao sisi nyumbani tulisema ni kunenepa kwa furaha. Nilidhani atauliza tena habari ya dawa, na mama angekana tena, maana mama akishasema hapana ni hapana. Hakuuliza hivyo.

"Mama, jana adhuhuri ulisali?"

"Nilisali, alhamdulillahi."

"Ulisujudu chini, ama ulisalia kwenye kiti?"

Mama yangu anaweza kukudanganya bei ya kanga huku anakuangalia machoni. Kuhusu sala hawezi. Nilimwona anatafuta njia ya kutokea na hakuna.

"Kwenye kiti," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi."

"Na hospitali walikupa vidonge gani?"

Akafungua mkoba, akafungua kitambaa ndani ya mkoba, akaviweka mezani bila kumtazama mtu. Mimi nilijua anatumia dawa ya viungo, sikujua kwamba ina neno lolote na safari. Sista alivisoma, akavuta pumzi.

"Mama, hivi vinatuliza viungo, lakini vinalaza ulinzi wa mwili. Na chanjo ya manjano ina kijidudu hai, kimepunguzwa nguvu tu. Mwili wenye askari macho unakishinda na kujifunza. Kwako askari wamelala. Siwezi kukuchoma."

"Nitaviacha leo hii."

"Usithubutu! Hivi havikatwi ghafla, utaanguka. Vinapunguzwa na daktari, taratibu, halafu tunasubiri tena. Twende kwa daktari sasa hivi, mimi mwenyewe nakupeleka."

Mama akashika ukingo wa meza. "Sista, mimi nimeshaagwa. Msikiti wote umenipa radhi. Nimekula kuku za watu."

"Utakula tena mwakani," Sista akasema. "Kuku hawatakwisha Mbeya."

Alikusudia kumchekesha. Mama hakucheka. Daktari alisema vilevile: barua ya kusamehewa chanjo ingeweza kuandikwa, lakini kwa hali yake ile, kwenye joto na msongamano wa watu namna ile, yeye kama daktari hakuwa tayari kuisaini. Abadili dawa kwanza, aende msimu unaofuata. Tulipotoka nje, kwa shida niliyokuwa nayo, nikamnong'oneza mama kwamba mjini kuna watu wanaogonga muhuri kwenye kadi bila sindano. Akasimama palepale kwenye lami. "Niingie nyumba ya Mungu na muhuri wa wizi?" Nikamwomba radhi, nikafungua mlango wa gari.

Kilichofuata naona haya kukisimulia, lakini kilikuwa kichekesho. Msimu ulipofika wenzake wakaondoka, na mama akajifungia ndani. Hakumdanganya mtu, hakuonekana tu. Mapazia chini, duka nikakaa mimi. Watu wakadhani amekwenda. Mama Mchungaji wa nyumba ya tatu alinipigia akaomba nimkumbushe amletee tende. Nami nikasema "Eeh," maana ningesema nini? Kila siku iliyopita ilizidi kuwa ngumu, kwa sababu ilibidi sasa apange na siku ya kurudi.

Ndipo siku moja saa tano mchana, jua kali, mtaa umejaa, Sista wa Manjano akaja na kapu la parachichi. Akagonga. Akagonga tena.

"Hodi! Mama, najua upo, nimekuja kuangalia magoti!"

Mtaa mzima ukageuka. Mama huko ndani, aliniambia baadaye, alitamani ardhi ipasuke. Na Sista, aliyebeba siri za wasafiri wa mji huu miaka yote bila kumwaga hata moja, akageuka akautazama mtaa, akaweka kapu chini.

"Mnashangaa nini? Mama huyu hakwenda kwa sababu mimi nilimkatalia. Alikuwa tayari, mimi nikasema hapana. Mwenye neno asimseme yeye, aje kwangu, chumba anakijua."

Basi ikawa yake. Maneno yote yakahama kutoka kwa mama yakaenda kwake. Walimsema msikitini, walimsema sokoni, mlokole mkubwa yule anazuia watu wasiende Hija. Hakujibu, na Alhamisi aliendelea kuwachoma walewale waliomsema. Mama alifungua mapazia siku ileile, jioni akakaa dukani. Lakini kushukuru hakushukuru. Sista alikuja karibu kila mwezi kuuliza dawa mpya inaendaje, na mama alimpa chai isiyo na sukari, akasema sukari imeisha. Imeisha, na duka la vyakula liko mtaa wa pili. Sista alikunywa, akasema chai ya namna hiyo ndiyo nzuri kwa afya.

Mwaka uliofuata dawa ilikuwa imeshabadilishwa, muda wa kusubiri umepita, daktari karidhika. Sista alimchoma ya manjano, akamchoma na ya uti wa mgongo, akaimba sauti yake ya pili. Mama alitazama kalenda ya kwaya mwanzo mpaka mwisho. Alikwenda Makka, akarudi salama, mweusi kwa jua na mwenye furaha ambayo sijawahi kuiona kwake tangu baba afariki. Aliporudi, Sista alikuwa ameshastaafu, amekwenda zake Iringa. Mlinzi alituambia, "Katoka kidogo," na safari hii tulijua si kidogo.

Mama hakumtaja Sista nyumbani. Nilidhani ndiyo imekwisha hivyo, na iliniuma, kwa sababu mimi nilimpenda yule mwanamke.

Mwaka jana nilikuwa napeleka mchele Iringa kwa lori la Kanta. Asubuhi nikamkuta mama amekaa kiti cha mbele, amevaa buibui jipya, mkoba mapajani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Endesha." Niliendesha mpaka Makambako, mpaka Mafinga, hasemi. Tulipoingia Iringa mjini akasema, "Kihesa." Huko tuliuliza watu wawili tu. Kila mtu alikuwa anamjua sista mwenye sauti.

Tulimkuta nyuma ya nyumba anapalilia maharage, amefunga kanga kichwani, amepungua mwili. Alipotuona akasimama na jembe mkononi, hakusema hata kamwene. Nadhani aliona tumekuja kumsema.

Mama ndiye aliyemsalimia kwanza. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaweka mkoba chini.

"Nimekuja kukwambia nilifika," akasema.

Sista akaweka jembe. "Miaka yote ile," akasema polepole, "watu wote wale. Nawachoma, wanaondoka. Kama walifika, kama walirudi, mimi sijui. Hakuna aliyewahi kuja kuniambia."

"Basi nimefika, nimerudi. Lakini si hilo tu. Pale Arafa, mahali pa dua, kila mtu anataja watu wake. Nilikuwa na majina ya mtaa mzima, nikayataja yote. Nikafika kwako, nikakwama. Nimekununia mwaka mzima, umekuja kwangu umekunywa chai yangu mbaya, na sikuwahi kukuuliza unaitwa nani. Watu wote wananisukuma, jua linawaka, mimi nimesimama pale nalia, sijui jina." Akajifuta kwa ncha ya buibui. "Nikasema, Ee Mola, yule mwanamke wa Kihehe aliyeninyima sindano. Yule. Mpe uzima, mpe na watu wa kumtunza. Wewe unamjua."

Sista wa Manjano, aliyewafunga midomo wachimbaji wa Chunya na matajiri wa Mwanjelwa, alikaa chini kwenye udongo, katikati ya maharage yake, akalia kama mtoto, na mama yangu akatoka kwenye kigoda akaenda akakaa naye palepale, na buibui lake jipya.

Mama akamshika mkono.

"Sasa niambie, dada yangu. Unaitwa nani?"

Akamwambia. Mimi nililisikia, lakini si mimi niliyeliuliza, kwa hiyo sitaliandika hapa. Mama alilirudia taratibu, akalikosea, akarekebishwa, akalirudia tena mpaka likakaa sawa mdomoni. Kisha akaomba maji ya kutawadha.